Kumsikiliza Mtoto Anayesoma

Mitihani mingi mtoto huifanya akiwa amejiinamia juu ya karatasi yake. Akikosea hesabu hufuta kwa raba, akavuta pumzi, akaanza upya, na hakuna aliyemwona. Mtihani wa kusoma kwa sauti mbele ya mtu si hivyo. Kosa likishatoka kinywani limetoka. Anayepima amelisikia, ameweka alama kwenye fomu yake, na mtoto naye ameiona ile kalamu ikitembea. Nimefundisha kwa miaka thelathini na minane, na kumi na tisa kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu katika shule za msingi za Wilaya ya Mbozi. Nakuambia kweli, ndugu msomaji, nimewaona watoto hodari wa kupanda miembe na kuvuka mito wakipigwa na bumbuazi mbele ya mistari sita ya habari za kuku na yai.

Wazazi wengi hulisikia jina la upimaji wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, wasijue mtoto wao wa darasa la pili hufanywa nini huko ndani. Si jambo la siri. Katika sehemu ya kusoma mtoto huitwa peke yake, akaketi mbele ya mpimaji. Huonyeshwa silabi, kisha maneno ya kawaida, na pengine maneno ya bandia yasiyo na maana yoyote. Halafu hupewa kifungu kifupi cha habari akisome kwa sauti, na mpimaji hutazama saa. Dakika ikiisha huhesabiwa maneno aliyoyasoma sawasawa. Mwisho huulizwa maswali machache juu ya alichokisoma. Mambo yote hayo huweza kwisha kabla kikombe cha chai hakijapoa.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 2010 asasi ya Uwezo ilianza kupita nyumba kwa nyumba nchini ikiwapa watoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili wasome, na ikaonekana kwamba watoto wengi wa darasa la tatu, na hata wa juu ya hapo, hawaiwezi. Palikuwa na ubishi mwingi wakati ule. Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na upimaji wa KKK ukawa sehemu yake. Mwaka 2015 ukaanza mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, masomo yakapunguzwa ili muda mwingi uende kwenye stadi hizo tatu. Binafsi niliuona kuwa uamuzi wa busara. Mtoto asiyejua kusoma hana haja ya kufundishwa habari za jotoridi.

Lakini mtaala ni kitu kimoja na chumba cha darasa ni kitu kingine. Nilipotoka Chuo cha Ualimu Mpuguso, huko Rungwe, mwaka 1970, darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto arobaini na wawili. Niliweza kumsikiliza kila mmoja, kama si leo basi kesho. Mwaka 1977 tulipoingia katika Elimu ya Msingi kwa Wote madarasa yalifurika, na yakafurika tena mwaka 2016 ada na michango ya lazima ilipoondolewa. Hapa Tunduma yaliongezeka na mambo ya mpaka. Sensa ya 2012 iliukuta mji huu una watu pungufu ya laki moja. Ile ya 2022 ikawakuta wamezidi laki mbili. Watoto wa hao wote wanasoma wapi? Hebu piga hesabu mwenyewe: mwalimu mwenye watoto mia moja akimsikiliza kila mmoja kwa dakika tatu tu, ametumia saa tano. Siku imekwisha, na hajafundisha neno.

Kwa hiyo mwalimu hufanya linalowezekana. Anasoma yeye, darasa zima linaitikia. Ukipita nje utasema hawa wanasoma kama malaika. Ndani ya ile sauti moja kubwa wamo ishirini wanaosoma, wamo arobaini wanaomfuata jirani, na waliobaki wamekariri. Simlaumu mwalimu huyo hata kidogo. Nimesimama mahali pake.

Mwaka 2022 mambo haya yaliingia nyumbani kwangu. Binti yangu anafanya biashara ya mchele. Anaununua Kamsamba bondeni na kuuza hapa Tunduma na ng'ambo ya pili, Nakonde, kwa hiyo siku nyingi yuko safarini, na mwanawe wa kike alikuwa akiishi na sisi, mimi na bibi yake. Alikuwa darasa la pili. Siku moja katikati ya mwaka binti yangu akaja na uso umemshuka. Alikuwa ameitwa shuleni akaambiwa kwamba mtoto hajui kusoma, akiitwa mbele anainama na kunyamaza, na mambo yakiendelea hivyo itabidi arudie darasa.

"Baba," akasema, "huyu mbona hapa nyumbani anasoma kitabu chote?"

Ni kweli, alikuwa akikisoma. Nilimsikia kila jioni akikipeleka kitabu kama maji ya mfereji, hata mama yake akawa anamsifia mbele ya majirani. Nikamwita. Bibi yake humwita mke mwenzangu, nami kwa utani wetu wa babu na mjukuu humwita mke wangu. Nikamwambia, "Haya, mke wangu, njoo unisomee." Akafungua ukurasa wa mbuzi. Nikaweka kidole gumba juu ya picha.

Kimya.

"Babu, toa kidole, sioni."

"Huoni nini? Maneno yote haya hapa."

"Simwoni mbuzi."

Pale nikajua tulipo. Alikuwa akisoma picha, na sauti za darasa alizozisikia ndizo zilizompa maneno. Kichwa chake ni kizuri sana, na hicho kichwa kizuri ndicho kilichokuwa kimemficha.

Kesho yake nikamwandikia maneno matatu kwenye ubao mdogo: kofe, lumi, dabe. Akasoma bila kusita: kofi, ulimi, debe. Nikamwambia hapana, tazama tena. Akatazama, akaniona nina mzaha mbaya. "Babu, hayo si maneno." Na kweli si maneno, ndiyo sababu niliyaandika. Wako wazazi, na hata walimu wenzangu, waliokasirishwa na maneno ya bandia tangu yalipoanza kutumika katika upimaji. Wanasema ni kumfundisha mtoto upuuzi. Mimi nayatetea. Neno "debe" mtoto anaweza kulijua kwa kuliona herufi ya kwanza na kukisia yaliyobaki. Neno "dabe" hawezi kulikisia, maana halimo popote duniani. Ama anajua kwamba da na be huungana kuwa dabe, ama hajui. Ni kipimo kisicho na huruma, lakini ni cha kweli. Hata hivyo si vema mtoto akutane nayo mara ya kwanza siku ya mtihani, kwa sababu atadhani amekosea yeye.

Basi tukarudi nyuma mpaka kwenye silabi. Mama yake aliona aibu: mtoto wa darasa la pili anarudishwa kwenye ba be bi bo bu? Nikamwambia mwanangu, nyumba haiezekwi kabla ya ukuta. Nilikata maboksi ya sabuni vipande vidogo, nikaandika silabi moja kwenye kila kipande, na kila jioni kabla ya taarifa ya habari tukacheza kwa dakika kumi kama watu wanaocheza karata. Anachomoa viwili, anaviunganisha, anasema sauti yake, kisha tunaamua kama ni neno au si neno. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa hakimu alipenda sana. Dakika kumi hazikuzidi. Watoto wengi huharibiwa na saa mbili za Jumamosi baada ya wiki nzima ya kusahauliwa. Tuisheni nyingi ninazoziona mjini hapa ni saa mbili za namna hiyo, tena kwa kwaya ileile ya darasani, ila safari hii mzazi amelipia.

Sasa nije kwenye jambo la matamshi, ambalo kwa sisi wa mkoa huu ni jambo zito. Huku Mbozi tunasema Kinyiha, Tunduma na Momba Kinyamwanga, Ileje Kindali na Kilambya, na watoto wa mpakani wanaokota na Kibemba cha sokoni. Mjukuu wangu alikuwa akimwamkia mteja wa mama yake "mulishani" kabla hajajua kusema shikamoo vizuri. Mtoto kama huyo anakuja shuleni na Kiswahili cha barabarani. Wengi wetu tunachanganya l na r tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu. Kalamu inakuwa karamu, na mahali inakuwa mahari. Nyumbani haina neno, tunaelewana. Bibi yake mpaka leo akitafuta mahali pa kukaa anatafuta mahari. Lakini anayeandika kwenye fomu anasikia neno jingine. Vivyo hivyo dhahabu inakuwa zahabu, na thamani inakuwa samani.

Njia niliyoizoea si kumkatiza. Mtoto akisoma "tulikwenda mahari pa mbali," namwacha afike mwisho wa sentensi. Kisha namuuliza, "Walikwenda kuoa?" Anacheka, anarudi mwenyewe kulitazama neno. Ukimkatiza kila anapoteleza atajifunza kusoma huku anakutazama usoni, na mtoto anayetazama uso wa mtu hawezi kutazama mstari. Viboko ndivyo vinavyoharibu kabisa. Nimemwona mtoto aliyewahi kuchapwa kwa sababu ya "r" akiruka kila neno lenye herufi hiyo, kama mtu anayeruka shimo njiani.

Hapa namkumbuka mzee mmoja wa mwaka 1975. Mwaka ule ulifanyika mtihani wa taifa wa kisomo cha watu wazima, na mimi, kijana wa miaka ishirini na sita, nilikuwa miongoni mwa walimu waliowasimamia wazee wa kijiji. Mzee huyu alikuwa mkulima wa kahawa, watu walimheshimu sana. Alivua kofia, akashika karatasi, akakohoa, neno halikutoka. Mara akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, geuka kidogo." Nikageuka nikatazama dirishani, nikayaona mashamba. Nyuma yangu akaanza kusoma, taratibu, neno baada ya neno, mpaka mwisho. Alikuwa anajua tangu mwanzo.

Mjukuu wangu naye, miezi miwili baadaye, alikuwa anajua. Alisoma vizuri mbele yangu, mbele ya bibi yake, mbele ya mbuzi wetu. Lakini mpimaji hatakuwa babu. Atakuwa mtu asiyemjua, mwenye kalamu, na pengine mwenye haraka. Nikaona lazima tumtafutie wageni. Nilianza na fundi cherehani wa jirani, nikamwomba mtoto akae pale barazani amsomee ukurasa mmoja huku yeye akishona. Huyo hakumtazama kabisa, ilikuwa rahisi. Wa pili alikuwa mama muuza ndizi, naye alimtazama na kumwitikia "enhee" kila sentensi. Wa tatu nilimwomba kijana wa bodaboda, ambaye alikubali kwa masharti kwamba mteja akija ataondoka. Mteja akaja katikati ya habari. Mtoto akarudi nyumbani amekasirika, anataka kumalizia. Siku ile nilifurahi moyoni. Wa mwisho alikuwa mwalimu mstaafu mwenzangu. Huyu nilimwomba akae na karatasi na kalamu na awe anaandika bila kusema kitu. Mara ya kwanza mtoto alinyamaza. Tulikwenda kwake mara nne.

Watu walinicheka kidogo. Lakini fikiria: mtoto huyu alikuwa amekaa shuleni karibu miaka miwili, na sidhani kama kuna mtu mzima aliyewahi kumsikiliza yeye peke yake, kwa dakika tano kamili, akisoma. Tunataka siku moja asikilizwe na mgeni mwenye saa, na tunashangaa ulimi ukiwa mzito.

Kuhusu hiyo saa nina neno. Habari ilipoenea kwamba maneno huhesabiwa kwa dakika, baadhi ya wazazi walianza kuwapima watoto kwa simu kila jioni. Mtoto anasoma kama anayefukuzwa na nyuki, anameza nukta na mikato, anapofika mwisho hajui aliyekufa katika hadithi ni fisi au sungura. Sisi wa Mbozi tunaijua kahawa. Haikauki kwa sababu umeipandisha mzanini mara nyingi. Inakauka kwa kuanikwa. Mimi sikumpima mjukuu wangu kwa saa hata mara moja. Kasi ilikuja yenyewe, maneno yalipozoeleka.

Katika maswali ya ufahamu tulikuwa na shida ya aina nyingine. Ukimuuliza "nani alikwenda kisimani?" anajibu, kwa sababu jibu limo mstarini. Ukimuuliza "kwa nini mama alikasirika?" ananyamaza. Siku moja bibi yake, aliyekuwa anachambua maharage, akamuuliza swali lilelile kwa Kinyamwanga. Mtoto akamwaga maelezo marefu, hata ya mambo ambayo hayakuandikwa: kwamba mtungi ule labda ulikuwa wa kuazima. Kumbe alielewa yote, alichokosa ni Kiswahili cha kuelezea sababu. Tangu siku ile tuliruhusu jibu lianzie kwa bibi na kuishia kwa babu. Anaeleza kwa Kinyamwanga, kisha tunatafuta pamoja namna ya kulisema kwa Kiswahili: kwa sababu, kwa hiyo, ingawa, ili. Hayo maneno madogo manne yalituchukua mwezi mzima. Wapo wanaosema lugha ya nyumbani inamchelewesha mtoto shuleni. Waje barazani kwangu wakati wa maharage.

Naweka hapa na jambo lisilopendeza. Wiki chache kabla ya upimaji, mzazi mmoja ninayeheshimiana naye alinijia jioni akaniuliza kama, kwa kuwa nilikuwa mwalimu mkuu na nafahamiana na watu, siwezi kukipata kile kifungu mapema, watoto wetu wakizoee. Nilimjibu kwamba siwezi na sitaki, na kwamba hata nikikipata, mwanawe atakikariri kama alivyokariri kitabu, atapita kwenda darasa la tatu akiwa kipofu wa herufi, na huko hakuna atakayemrudisha kwenye silabi. Hakuridhika. Nikamwambia basi mlete mtoto kesho.

Akamleta, mvulana mpole wa miaka minane. Nilipompa vipande vyangu vya maboksi alivileta karibu kabisa na pua. Nikavisogeza, akavifuata kwa kichwa. Nikamwomba anisomee tangazo la duka ng'ambo ya barabara, akaniuliza duka gani. Mtoto huyu alikaa miaka miwili nyuma ya darasa lenye watoto zaidi ya mia, akaitwa mzito. Baba yake alimpeleka hospitalini Vwawa, baadaye akapata miwani. Upimaji ulimkuta bado hajui kusoma, na alirudia darasa la pili. Mwaka uliofuata alikuwa akija kwangu na miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa isianguke, na silabi akazimaliza kwa wiki tano.

Mjukuu wangu aliitwa asubuhi, wa kumi na mbili katika orodha. Tulichokijua ni alichotusimulia mwenyewe: kwamba mpimaji alikuwa mama mwenye hereni kubwa, kwamba aliandikaandika kama rafiki wa babu, kwamba neno moja hakulijua akalitamka hivyohivyo kwa silabi, na kwamba alipoulizwa kwa nini mtoto wa kwenye habari alilia, alijibu kwa sentensi yenye "kwa sababu" na "ili" zote mbili. Mama yake alitaka kujua amesoma maneno mangapi kwa dakika. Hatukuambiwa. Januari 2023 aliingia darasa la tatu.

Kabla ya hapo, katika likizo ya Desemba, nilimchukua tukamfuate mama yake mpakani. Msafiri yeyote wa barabara ile anayajua magari ya mizigo yanayopanga foleni kuelekea Nakonde, moja nyuma ya jingine, yamesimama. Tulitembea kando yake. Ghafla nikasikia anasoma. Alikuwa akisoma maandishi ya ubavuni na nyuma ya malori, moja baada ya jingine, bila kuambiwa na mtu: Lu-bu-mba-shi. Ndo-la. Ka-su-mba-le-sa. Yote kwake yalikuwa maneno ya bandia. Alipofika kwenye "Kapiri Mposhi" akasimama katikati ya njia, akanishika mkono.

"Babu, hili ni neno au si neno?"

Nikamwambia ni neno, ni mji wa Zambia, ndiko reli yetu ya TAZARA inakoishia ikitoka Dar es Salaam. Akaliangalia tena, akalitamka upya polepole, kisha akakimbilia lori lililofuata.